Mbuzi wa Kapiteni

Butembo ni mji wa vilima. Ukiweka yai chini, weka na jiwe la kulizuia, la sivyo utalifuata hadi mtoni. Nyumba zimechimbwa kwenye miteremko, moja juu ya kichwa cha nyingine, na mtu akiangusha chungwa mlangoni kwake amemgawia jirani wa chini. Kwa hiyo mnielewe ninaposema kwamba shamba la mama yangu lilikuwa tambarare. Halikuwa kubwa. Lilikuwa upande wa chini wa uwanja wa ndege, nusu limepandwa maharage, nusu limelala likipumzika, nao waliopita barabarani walisimama kulitazama kama watu wanaotazama nyama buchani. Mama hakuyapenda macho yale.

Alikuwa na sababu. Zamani tulikuwa na mashamba mengine huko Mabalako, kahawa na migomba na kila kitu ambacho mtu wa kwetu anakiwaza kabla ya kulala. Vita vikaja, vikaenda, vikarudi na jina lingine. Baba alibaki huko chini ya udongo wake mwenyewe, nasi tuliobaki tukatembea hadi Butembo na masufuria kichwani. Mama alianza kwa kulimia watu. Alipopata mbuzi, alimpeleka kwa chefu wa udongo, mzee aliyerithi kilima chote kutoka kwa babu zake, naye akampa kile kipande.

Desturi yenyewe ni fupi, na bila hiyo hamtaelewa lolote katika haya ninayoyasimulia. Anayetaka ardhi humpelekea chefu mbuzi. Chefu humla pamoja na wazee wake. Wewe uliyemleta unakaa kando, unatazama, unameza mate. Mbuzi wa udongo haliwi na aliyemtoa. Ukionja hata ulimi wake, basi umefanya karamu tu, umealika watu, na hakuna aliyekupa ardhi hata ya upana wa kiganja. Siku mama alipomtoa mbuzi wake nilikuwa kando yake, msichana mwenye njaa ya safari, na nilimchukia yule mbuzi kwa harufu yake nzuri. Mama alinishika mkono muda wote, nisije nikanyoosha kidole tukarudi kulimia watu. Hiyo ndiyo hati tuliyokuwa nayo.

Mimi shamba halikunitaka. Nina hasira za karibu, na jembe linataka mtu mpole. Nilipelekwa Kasindi kwa mjomba wangu, aliyekuwa akishughulikia mizigo ya watu forodhani, na huko, kwa kugombana na madereva wa Uganda, nikajua Kiingereza. Sikukisoma, nilikigombania. Kwa hiyo wanajeshi wa kofia za buluu kutoka India walipopiga kambi yao pembeni mwa uwanja wa ndege wa Butembo, wakitafuta mtu wa kuwatafsiria, walinikuta mimi, mdomo tayari.

Kapiteni niliyefanya naye kazi alikuwa mtu mwembamba, mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri kuliko nywele zangu. Hakula nyama. Hakula hata yai. Alikunywa chai ya maziwa iliyochemshwa mpaka ikawa na rangi ya tofali, na aliongea taratibu, jambo lililonikera mwanzoni, kwani mimi nilikuwa nimekwisha kuitafsiri sentensi yake kabla hajaifikisha mwisho.

Mwaka ule kwao India walikuwa wanapiga kura. Si kama kura zetu, za siku moja na wino kidoleni na wiki nzima za kuogopa. Zao ziliendelea kwa majuma, mkoa baada ya mkoa. Askari wenyewe walikuwa wamepiga za kwao kwa posta, karatasi ndani ya bahasha, na kuanzia hapo hawakuwa na kazi ila kungoja. Bahati mbaya, au nzuri, majira yale yale yalikuwa ya mashindano yao makubwa ya kriketi. Kriketi ni mchezo wao wa kurusha mpira mdogo mgumu kama jiwe, ambao mwingine anaupiga kwa ubao usije ukamwangushia vijiti vitatu vilivyo nyuma yake. Nilidhani ni mchezo. Baadaye niliona ni dini yenye mabao.

Kambini palikuwa na televisheni moja ndani ya hema, na mafuta ya jenereta hayakutosha jioni nzima. Basi hema likagawanyika. Hawa wanataka habari za kura, wale wanataka kriketi, na wanaume waliokuwa wakilala kitanda kwa kitanda kwa miezi wakaanza kununiana. Nilimuuliza kapiteni kwa nini wasichague kimoja tu. Alicheka. Alisema kwao haviachani. Mchezaji mkubwa akistaafu, chama fulani kitamwomba agombee. Wachezaji ndio wanaobandikwa kwenye mabango kuwaambia watu waende kupiga kura. Na wanasiasa nao hugombania viti vya kuongoza kriketi kuliko vya bungeni.

"Kwetu," aliniambia, "ukitaka kujua nani anatafuta kura, angalia nani amekaa safu ya mbele uwanjani."

Kisha akanieleza jambo lililonishangaza zaidi. Mwaka ule polisi wao hawakutosha kulinda kura na kriketi kwa wakati mmoja. Serikali ikachagua kulinda kura. Mashindano yakafungashwa, wachezaji, mipira, vijiti na wenye fedha zao, yakahamishiwa Afrika Kusini. Watu wa India wakabaki kutazama mchezo wao wenyewe ukichezwa ugenini.

"Basi mpira wenu ni mkimbizi," nilimwambia.

"Ndiyo," akasema. "Umekimbia uchaguzi."

Nilimpenda kuanzia siku hiyo, maana mtu anayekubali kwamba hata mchezo unaweza kuwa mkimbizi hawezi kukutazama vibaya wewe uliyekuja na sufuria kichwani.

Ugomvi wa televisheni ulipozidi, mkubwa wa kambi aliizima kabisa, na kapiteni akapata wazo la kuwatuliza vijana. Watacheza wao wenyewe. Jumapili, mechi moja, kambi yao dhidi ya wenzao wa Beni. Lakini wacheze wapi? Uwanja wa ndege ni wa ndege. Kwingineko ni miteremko, mpira ukipigwa unateremka hadi sokoni. Ndipo wakaliona shamba la mama, ile nusu iliyolala, tambarare kama meza. Kapiteni hakujua ni la mama yangu. Aliuliza kwenye bureau ya komini, ofisi ya serikali ya mtaa, namna ya kuomba ruhusa, na mtu mmoja huko, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwetu mtu haendi kwa chefu mikono mitupu. Peleka mbuzi, mukubwa.

Wiki hiyo mimi nilikuwa Beni, upande wa Bungulu, nikitafsiri kwenye kambi ile nyingine. Ningekuwepo, hadithi hii isingekuwepo. Niliporudi Jumamosi nilimkuta mama ameketi jikoni na moto haujawashwa. Mama yangu na jiko baridi ni vitu ambavyo sikuwahi kuviona pamoja tangu Mabalako.

"Beko banatwaa shamba," akasema.

"Nani, mama?"

"Bahindi bako. Bale basoda unasemaka nabo Kingereza. Balipeleka mbuzi kwa chefu. Niliiona na macho yangu, mweupe, na mafuta mingi."

"Mama, bale banalinda kiwanja ya ndege. Shamba batafanya nayo nini? Pengine ilikuwa zawadi tu."

"Zawadi?" Alinigeukia. "Ule mukubwa yao alikaa pale. Bazee banakula, yee anakunywa chai. Balimupa mufupa, alikatala. Balimupa maini, alikatala. Donc, basi nini?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika ukuta, kwa sababu nilimwona kapiteni akisukumiwa maini na wazee wa kilima kizima, masharubu yakitetemeka kwa adabu. Nikamweleza mama kwamba yule mtu hali nyama kabisa, si ya mbuzi, si ya kuku, hata yai halimpiti kooni. Mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka.

"Mutu hapana kula nyama," akasema polepole, "anapeleka mbuzi ya nini?"

Kwa mtu wa kwetu swali lile lina jibu moja tu. Nilisema nitamuuliza kapiteni kesho. Mama akatikisa kichwa, akaanza kuvunja kuni kwa goti, na nikasikia akijiambia mwenyewe kwamba hatalimia watu tena, amezeeka, mgongo haukubali. Kicheko kilinitoka mwilini chote. Niliogopa kama nilivyoogopa siku tulipoondoka kwetu.

Kesho yake tulipotoka kanisani walikuwa wamekwisha kuanza. Mjue jambo lingine kuhusu Butembo. Hapa mtu akiingia kwenye ardhi yako na vijiti, akavichimbia, akapiga hatua kutoka hapa hadi pale, na mwenzake ameketi kitini na karatasi magotini anaandika, basi mpango wa kuwagawia watu ardhi yako umefika. Tumeviona sana vijiti vya namna hiyo. Sasa fikirini mama alichokiona kutoka barabarani. Vijiti vitatu vya mkaratusi huku, vitatu kule. Mwanajeshi akipima kwa hatua katikati. Mwingine kitini anaandika mabao. Na watu wa mtaa wamejipanga pembeni kimya, wakimtazama mama kwa huruma.

Mama alivua viatu vya kanisa, soksi zikiwa ndani, akanipa nivishike. Aliingia shambani moja kwa moja. Aliyekuwa akikimbia kurusha mpira alisimama ghafla, akapepesuka. Mama aling'oa vijiti vitatu vya kwanza, akavuka, akang'oa vitatu vya pili, akavibana kwapani kama kuni, kisha akatandika kitenge chake cha juu katikati ya uwanja na kuketi. Nilikuja kujua kwamba katika kriketi kuangusha vijiti ndiko kunakomtoa mtu mchezoni, na mama alikuwa amewatoa wote. Askari mmoja alipiga hata makofi kabla hajamwona kapiteni akija.

"Ni nani huyu mama?" kapiteni aliniuliza.

"Ni mama yangu," nikasema. "Na hapa uliposimama ni maharage yetu ya mwaka kesho."

Nilimweleza yote, haraka, bila kumpa nafasi ya kuongea kwake kwa taratibu: mbuzi, maini, vijiti, Mabalako. Nilisema kwa hasira maana nilikuwa karibu kulia. Nilidhani atajitetea, atasema aliambiwa na bureau. Badala yake alivua kofia yake, akachutama mbele ya mama mpaka macho yao yakawa sawa, akaanza kusimulia, nami nikatafsiri.

Alisema kijijini kwao, alipokuwa mdogo, alikuja mgombea kutafuta kura. Akawaambia vijana: nipeni kura, nitawapa uwanja wa kriketi. Vijana wakashangilia, wazazi wakapiga kura, mtu akashinda. Na kwa mara ya kwanza katika historia ya kijiji kile, mwanasiasa akatimiza ahadi. Uwanja ukakatwa kwenye mashamba ya dengu, na shamba la kwanza kuliwa lilikuwa la bibi yake. Yeye mwenyewe alijifunzia kriketi pale. Alikuwa mtoto, alifurahi. Bibi yake alikuwa akija jioni kuchuma mboga zilizojiotea pembeni mwa uwanja, na wachezaji walikuwa wakimpigia kelele asogee.

Mama alinigeukia. "Muulize," akaniambia, "bibi yake alisemaka nini?"

"Hakusema kitu," kapiteni akajibu. "Alikuwa anasogea."

Mama hakusogea. Lakini uso wake ulibadilika, nami nilimjua, nikajua amemsikia.

Wakati huo chefu wa udongo alikuwa amekwisha kufika, maana Butembo habari hushuka mlima zenyewe. Alikuja na fimbo yake na wazee wawili, wote bado wanang'aa mafuta ya jana. Mama alimuuliza mbele ya watu: mzee, uliwapa shamba langu au hukuwapa?

"Balileta mbuzi, nikakula," chefu akasema. "Hapana sema kitu. Na mi hapana sema kitu. Nilikuwa nangoja baseme."

Watu walicheka, na hata mimi nikahisi hewa inaingia kifuani. Lakini mama ni mtu wa kufunga mlango kwa komeo. Mbuzi alitolewa, aliyemtoa hakula, mashahidi wapo. Leo kapiteni ni mtu mwema. Kesho atakwenda kwao, atakuja mwingine, na wazee watakumbuka mbuzi tu. Alitaka kapiteni aonje nyama, kipande chochote, hata mfupa uliobaki chunguni kwa chefu.

Kapiteni alisikiliza tafsiri yangu akawa mwekundu masikioni. Alisema hawezi. Ni ahadi aliyompa mama yake.

"Mama yake iko muzima?" mama akauliza.

"Alikufa," kapiteni akasema.

Kila mtu pale alijua uzito wa ahadi ya namna hiyo. Ahadi uliyompa mama akiwa hai unaweza kwenda kumwomba akufungulie. Akishakufa utamwomba nani? Mama alivigeuzageuza vile vijiti mapajani. Nilimwona anapigana na nafsi yake. Shamba lake lilikuwa mikononi mwa mtu asiyeweza kula, na yeye alikuwa mtu asiyeweza kumlazimisha.

Kisha akainua kichwa. "Mzee," akamwambia chefu, "kama hapana kula nyama, akule maharage yangu. Ya shamba hii. Mu sahani yangu."

Chefu aliegemea fimbo akafikiri. Aliwatazama wazee wake, nao wakamtazama. "Ni kweli," akasema mwishowe. "Mutu hawezi kula maharage mu sahani ya mwenye shamba, kisha aseme shamba ni yake. Hata mbwa hapana fanya vile."

Nilipanda kilima mbio na viatu vya mama mkononi. Chungu kilikuwepo, maharage ya Jumapili, yamepikwa na mawese, nyanya na kitunguu. Niliporudi nacho nikihema, wanajeshi wa timu mbili walikuwa wameketi nyasini pamoja na mtaa mzima, wazee mbele. Kapiteni alinawa, akala kwa mkono wa kulia, vidole vikikusanya vizuri kama mtu wa kwetu, jambo lililowafanya wanawake wagusane viwiko. Mama alikuwa amemsogelea, anamtazama kooni.

"Amemeza," akatangaza.

Kapiteni aliomba pilipili. Akaomba tena sahani ya pili. Aliniambia ni kama maharage ya kwao, ila ya kwao yana viungo zaidi, na nikaona ni hekima kutolitafsiri hilo. Niliketi palepale nikalia kidogo, nikifuta machozi kwa soksi ya mama, na sikuona aibu. Tulikuwa na shamba tena, na safari hii tulikuwa nalo mbele ya mashahidi wenye bunduki.

Mama aliwaruhusu wacheze pale mpaka mvua zije, kwa masharti. Mpira ukiingia kwenye maharage, mtu mmoja tu ndiye anayeingia kuutafuta, bila viatu, tena anaomba kwanza. Basi mngewaona wale askari wakubwa, wamevua buti, wanasimama pembeni mwa shamba wakisema "Wasingya, mama," neno la Kinande la kushukuru ambalo nilikuwa nimewafundisha, wakati walipaswa kusema hodi. Mama alijibu vilevile. Alisema anayeshukuru kabla hajapewa haibi.

Kura za India zilihesabiwa. Kapiteni alikuja kutuambia, na mama, aliyekuwa akipalilia, akauliza nani ameshinda.

"Kwenye kura au kwenye kriketi?" nikatafsiri.

"Bote," mama akasema. Alipojibiwa hakumjua hata mmoja, lakini alitikisa kichwa kwa heshima. Kisha akauliza lililomgusa: ule mchezo wao uliokimbilia Afrika Kusini, umerudi nyumbani?

Kapiteni alisema bado, utarudi mwakani. "Muzuri," mama akasema, akaendelea kupalilia. "Kila mukimbizi arudie kwabo." Alikuwa ameinama, sikuuona uso wake, ila nilijua anaiona Mabalako.

Walipobadilishwa na kikosi kingine, kapiteni alimletea mama vile vijiti sita. Mama alisema ni vifupi, maharage yatavicheka. Akavifungia nyanya.

Ningeishia hapo kama siasa zingekuwa za India peke yao. Lakini zamu yetu ya kura ilifika. Watu wenye bunduki walikuwa bado wanazungukazunguka kwenye vijiji vyetu, na wagombea walikuwa wengi kuliko wapiga kura, au ndivyo ilivyoonekana ukitazama kuta. Mmoja alikuwa mtoto wa kwetu aliyekulia hapa, akaenda Kinshasa, akarudi na tumbo. Alituahidi stade, uwanja mkubwa wa mpira. Vijana wakapiga kelele za furaha. Na stade inataka wapi, katika mji wa vilima? Siku mbili tatu baadaye vijiti vikaonekana kwenye shamba la mama, safari hii vimefungwa utepe mwekundu, na mbuzi akaonekana amefungwa kwa chefu.

Nilitaka kwenda kugombana. Mama akanizuia. "Hii hadisi nilishaka kuisikia," akasema. Na ni kweli, alikuwa ameisikia, ameketi kwenye kitenge, kutoka kwa mtu aliyechutama mbele yake.

Mgombea alikuja kwa chefu na magari, vijana, ngoma, na mtu wa kumpiga picha. Mbuzi alikuwa amepikwa. Wazee walianza kula. Mgombea aliketi kando, akasema amekunywa chai, hana njaa, anangojewa Beni. Yeye aliijua desturi. Alikuwa wa kwetu, bibi yake alizikwa kilima cha pili. Ndipo mama akatoka kwenye kundi la akina mama wa kanisa, akapiga magoti mbele yake na sahani ya nyama ya mbuzi yule kwa mikono miwili.

"Mukubwa," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "sisi bamama bako tulikupikia. Kula, mwana yetu. Ao chakula yetu ni ya kutupa?"

Ngoma zilinyamaza. Mtu wa picha akasogea. Mgombea aliitazama sahani, na nakwambieni aliijua maana yake. Akila, mbuzi ni karamu na shamba ni la mama. Asipokula, picha itakuwa ya mheshimiwa anayekataa sahani ya mama mzee aliyepiga magoti, na akina mama wote wa kilima wapo na kura zao. Siku nyingine yoyote angekataa. Alitazama vijana, akatazama akina mama, akatazama vijiti vyake vyenye utepe kule chini. Kisha akachukua paja.

Alikula. Na alipoanza, alikula vizuri, kama mtu aliyekosa chakula cha kwao miaka mingi. Chefu wa udongo alipangusa mdomo, akasimama, akamshukuru mtoto wao mbele ya watu wote kwa karamu aliyowaalika. Akalirudia neno karamu, asije akatokea kiziwi.

Tulishuka nyumbani tukiwa tumeshikana mikono, mimi na mama, tukicheka hadi tukaketi njiani. Utepe ule mama aliutumia kufungia nyanya. Msimu ule alilima shamba lote, hata ile nusu iliyokuwa ikilala, na jioni ya siku ya kura, vidole vyetu vikiwa na wino, nilimuuliza amempa nani kura yake.

"Kura ni siri," mama akasema. Akakoroga chungu. "Lakini ule mutu alikula muzuri."